Tufe Lililogeuzwa Sarafu

Nchi ninayoihadithia haimo katika ramani zilizotundikwa darasani nilipokuwa nikisoma, wala katika zile zilizochapishwa baadaye, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Anayehisi kwamba anaifahamu na aitulize hisia hiyo, kwa maana viongozi wa nchi hiyo ni waungwana wasiopenda kufahamika.

Nchi hiyo ilipata heshima ya kuandaa Michezo ya Bara Zima kwa njia ya halali kabisa. Mataifa mengine yote yaliyoomba yalijitoa baada ya kupiga hesabu. Nchi hii haikujitoa, kwa kuwa haikupiga hesabu. Habari njema ilipowasili, serikali ilituma wajumbe ng'ambo kwenda kushukuru, kisha ikatuma wajumbe wengine kwenda kuwapokea wale wa kwanza, kisha Bunge zima likasafiri kujifunza jinsi wajumbe wanavyopokewa. Waliporejea, Mfuko wa Michezo ulikuwa umebaki mfuko tu.

Ndipo Waziri wa Michezo, Ustawi na Vicheko vya Taifa, Mheshimiwa Daktari Sauli Kisandu, aliposimama mbele ya wananchi. Alikuwa mtu mnene wa mwili na mnene zaidi wa maneno, na udaktari wake alikuwa ameupata katika hafla moja pamoja na chakula cha mchana.

"Ndugu wananchi," alisema, "michezo ni afya, afya ni uhai, na uhai ni gharama. Serikali yenu sikivu haitakopa. Serikali yenu sikivu haitaomba. Serikali yenu sikivu itafua sarafu!"

Wananchi walipiga makofi, maana polisi waliosimama nyuma yao walikwisha kuanza kupiga. Waziri akafafanua kwamba zingefuliwa sarafu za kumbukumbu, zenye sura ya Mlezi wa Taifa upande mmoja na picha ya michezo upande wa pili. Kila mzalendo angenunua, fedha zingejenga uwanja, na kwa njia hiyo wananchi wangekuwa na kumbukumbu ya Michezo hata kabla Michezo yenyewe haijafanyika, jambo ambalo, alisema, mataifa yaliyoendelea bado hayajaliweza.

*

Kamati ya Sura ya Sarafu iliundwa, ikapewa gari, ikapewa gari la kulifuata lile gari, ikaanza kazi. Sura ya Mlezi wa Taifa haikuleta mjadala, kwani ilikwisha kuchorwa kwenye stempu, vitenge, daftari za shule na mifuko ya saruji. Utata ulikuwa katika upande wa pili. Ilikubaliwa achorwe mwanamichezo, na kwa kuwa nchi nzima ilikuwa na mwanamichezo mmoja tu aliyefikia kiwango cha kushiriki, kazi ya kumteua haikuwa nzito.

Mwanamichezo huyo alikuwa Tunu Makolela, msichana wa kidato cha sita katika Shule ya Bweni ya Mwambashi, mrusha tufe. Mwili wake ulikuwa wa mtu aliyebeba maji tangu utotoni na hakuona sababu ya kulalamika. Chuo cha ualimu wa michezo katika nchi jirani kilikuwa kimemwahidi nafasi ya masomo, ada na malazi juu yao, kwa sharti moja: mrusho wake katika Michezo ya Bara Zima upimwe na kuandikwa rasmi. Mrusho usioandikwa, chuo kisingeutambua. Kwa Tunu, basi, Michezo yote ilikuwa ni mrusho huo mmoja, na mengine yote yalikuwa ni vumbi.

Aliitwa mbele ya Kamati ili mchoraji amchore. Wajumbe wakamzunguka.

"Shingo ni nene," alisema mjumbe wa kwanza.

"Na uso umekunjamana," alisema wa pili. "Huwezi kutabasamu, binti?"

"Nikitabasamu, mzee, tufe linanidondokea mguuni."

Kamati ilishauriana ikaona kwamba sura hiyo isingevutia wawekezaji. Baada ya majuma ya mashauriano yenye posho, ilionekana inafaa zaidi achorwe Mheshimiwa Waziri mwenyewe akirusha tufe. Mheshimiwa alikataa kwa unyenyekevu, akakubali kabla kikao hakijaandika kwamba amekataa. Akachorwa akiwa amevaa suti na tai, mkono mmoja umeinua tufe, na mwingine umeshika simu.

*

Sasa kilichokosekana kilikuwa madini. Shaba, nikeli na chuma safi vilipatikana nchi za nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zingepatikana kwa kuuza sarafu, na sarafu zingepatikana kukiwa na shaba, nikeli na chuma safi. Baraza la Mawaziri lilikaa juu ya jambo hili muda mrefu, nalo jambo likawavumilia.

Aliyewakomboa alikuwa Katibu wa Sarafu, Bwana Lukwembe, kijana mkakamavu aliyepanda cheo upesi kwa sababu hakuwahi kukutwa akiwaza. Alisema: "Waheshimiwa, sarafu hizi ni za michezo. Basi na zitokane na michezo. Kila chombo cha chuma au shaba kinachohusika na michezo nchini kikusanywe, kiyeyushwe, kiwe sarafu. Hivyo michezo itajichangia yenyewe."

Mawaziri walitazamana. Mmoja, ambaye alikuwa na tabia ya kuuliza, aliuliza wanamichezo watachezea nini. Alihamishiwa Wizara ya Mvua siku iliyofuata.

Zoezi likaanza. Milingoti ya magoli iling'olewa nchi nzima. Filimbi za waamuzi zilichukuliwa, na vikombe vya ushindi, na nyororo za bembea za watoto. Bendi ya Polisi ilipiga kwenye sherehe za michezo, kwa hiyo tarumbeta zake zikaonekana kuwa za michezo. Tepu za chuma za kupimia uwanja zilibebwa zote. Mafundi cherehani walishona jezi, kwa hiyo futi zao za kitambaa nazo zikachukuliwa, kwa sababu ya vile vibati viwili vya nchani. Bwana Lukwembe hakutaka kukata vibati na kurudisha kitambaa. Alisema huo ungekuwa ni uharibifu wa mali ya umma.

Hatimaye lori lake lilifika Mwambashi, asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini.

Mkuu wa shule hiyo alikuwa Mwalimu Kitwana Mbaruku. Sisi tuliopita shule za namna ile tunamjua mtu wa namna yake hata bila kumwona: shati limepigwa pasi, kauli fupi, na imani kwamba taifa linaweza kuokolewa na watu wanaofika mahali kabla ya wakati. Bwana Lukwembe aliteremka garini na askari wawili, akapita katikati ya mistari ya wanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Vua kofia. Hapa ni mstarini."

Bwana Lukwembe alivua kabla hajakumbuka kwamba yeye ni serikali. Akakohoa. "Nimetumwa na Sarafu. Tunakusanya vyuma vya michezo. Naanza na ile kengele."

"Kengele ni ya masomo."

"Haipigwi saa ya michezo?"

"Hupigwa."

"Basi huwa inacheza." Aliwaonyesha askari kwa kidole, nao wakapanda kuifungua. Kisha macho yake yakamwangukia Tunu, aliyesimama mstari wa nyuma na kitu kwapani. "Wewe binti. Hicho ni nini?"

"Tufe, baba."

"La chuma?"

"La shaba. Shule iliachiwa na wamisheni."

"La kazi gani?"

"La kurusha, baba. Kwenye Michezo."

"Michezo ipi?"

"Hiyo mnayoifulia sarafu."

Uso wa Bwana Lukwembe ulichangamka. "Kumbe tuko pamoja! Lete. Likiwa mkononi mwako linashikwa na mtu mmoja. Likiwa sarafu litashikwa na taifa zima."

"Na mimi nitarusha nini?"

"Wewe utarusha tufe."

"Lipi, baba?"

"Binti, maswali ya kiufundi hupelekwa Wizarani."

Wasichana wa mstari wa nyuma walicheka, na mmoja akasema kwa sauti ya kutosha: "Mpe, Tunu, asije akachukua na meno ya Mwalimu." Mwalimu Kitwana, aliyekuwa na jino la dhahabu, alifunga mdomo kwa muda uliobaki wa ziara ile. Tunu hakulitoa tufe. Askari walilivuta, naye akaliachia ghafla, likamwangukia mmoja wao kwenye kidole cha mguu. Hilo lilikuwa pigo pekee ambalo raia waliipiga dola katika zoezi lote.

*

Mwalimu Kitwana alisafiri hadi mji mkuu kudai tufe. Alikalishwa kwenye benchi la Wizara pamoja na watu wengine waliodai vitu vyao, wakiwemo baharia mmoja aliyenyang'anywa nanga kwa sababu ya mashindano ya ngalawa na mchungaji aliyenyang'anywa kengele ya kanisa kwa sababu vijana wa kwaya walicheza mpira. Zamu yake ilipofika, Waziri alimpokea kwa furaha.

"Karibu, Mwalimu! Unataka tufe kwa ajili ya michezo, au michezo kwa ajili ya tufe?"

"Nataka tufe, Mheshimiwa."

Waziri alifungua droo, akatoa sarafu mpya inayong'aa, akaiweka kwenye kiganja cha Mwalimu. "Tufe lako hili hapa. Na tazama upande wa pili: mimi ndiye ninayelirusha."

Mwalimu aliigeuza. "Hapa umevaa tai."

"Ni tai ya michezo."

"Mheshimiwa, mimi hufundisha watoto kwamba kitu cha mtu hurudishwa kwa mwenyewe."

"Nasi tumekirudisha, tena kwa umbo la juu zaidi! Nyie watu wa bweni mna tatizo moja: mnataka kila kitu kiwe mahali pake. Taifa haliendelei vitu vikikaa mahali pake." Kisha, kwa upole, Waziri alimfahamisha kwamba sarafu ile haitolewi bure. Mwalimu aliirudisha mezani, akaaga kwa heshima zote, akatoka. Njia nzima ya kurudi alikitazama kiganja chake kitupu, na kondakta wa basi, aliyemdhania amefiwa, alimpa pole.

Tunu aliendelea kufanya mazoezi kwa jiwe la mtoni. Jiwe halikuwa na umbo wala uzito wa tufe, lakini lilikuwa na sifa moja bora: halikuhusika na michezo.

Sarafu nazo zikatoka. Zilikuwa nzuri, nzito, na nyingi kupita kiasi. Sokoni hazikupokelewa, kwa kuwa wauzaji hawakujua ni za thamani gani. Benki hazikupokelewa, kwa kuwa zilikuwa ni kumbukumbu, si fedha. Mamlaka ya Kodi ilizikataa kwa sababu haipokei sanaa. Watumishi wa umma walilazimishwa kuzinunua, na wakazitumia kuegeshea milango isijifunge kwa upepo. Serikali iliposikia kwamba maghala yamejaa sarafu zisizonunuliwa, iliwapongeza wananchi kwa ustaarabu wao wa kumwachia kila mtu mwingine atangulie.

*

Siku ya Michezo ilifika hivyo hivyo. Uwanja ulikuwa na nguzo chache na haukuwa na paa, kwa kuwa mabati yake yalikwisha kuonekana kuwa ni ya michezo kuliko kitu kingine chochote. Mbio za kuruka viunzi ziliendeshwa bila viunzi, watazamaji wakiombwa kuviwazia. Katika mpira wa miguu, askari polisi wawili wawili walisimama badala ya milingoti, na wageni walilalamika kwamba milingoti ya wenyeji ilikuwa inasogeleana kila waliposhambulia. Wageni wa nchi jirani walikuwa wamekuja na matufe yao na hawakuyaacha peke yake hata walipokwenda kula.

Hotuba ya ufunguzi ya Mheshimiwa Kisandu ilikula asubuhi yote na sehemu kubwa ya mchana. Taa za uwanjani hazikuwepo, nguzo zake zikiwa maghalani katika umbo lao la juu zaidi. Kwa hiyo ilibidi mashindano yamalizike kabla ya jua kuzama, na warusha tufe waliambiwa kwamba kila mmoja atapata mrusho mmoja tu, akianza mwenyeji.

Tunu aliingia kwenye duara mikono mitupu. Msichana wa nchi jirani, mshindani wake, alimtazama, akamtazama mwamuzi, kisha akamwendea.

"Lako liko wapi, dada?"

"Liko mfukoni mwa watu."

"Chukua langu. Lakini ulirudishe, maana naona huku kwenu vitu havirudi."

Tunu alilipokea, akalipima uzito, akaliweka shingoni, pale mahali penye unene ambao Kamati haikuupenda. Akajikunja, akazunguka, akaachia. Tufe lilikwenda juu likaonekana kama limesahau kushuka. Liliposhuka lilichimba ardhi mbali sana, na uwanja mzima ukatoa sauti ambayo polisi hawakuwa wameianzisha.

Mwamuzi mkuu, Bwana Otieku, mgeni mwembamba kutoka nchi jirani, wa maneno machache, alinyoosha mkono bila kugeuka. "Tepu."

Hakuna aliyempa. Aligeuka. "Tepu ya kupimia, tafadhali."

Bwana Lukwembe alimweleza kwa fahari zilikokwenda. Bwana Otieku akasema: "Kanuni ni kwamba mrusho usiopimwa haukurushwa. Na jua hilo likizama, nafunga."

"Si unaona lilipoangukia?" Mwalimu Kitwana aliuliza kutoka pembeni.

"Macho yangu hayaandikiki, Mwalimu."

Hapo ndipo Mheshimiwa Waziri alipoona nafasi ambayo hakuwa ameiota. Alishika kipaza sauti. "Ndugu wageni! Taifa hili halihitaji tepu. Taifa hili lina sarafu! Tutazipanga ardhini, moja baada ya nyingine, kutoka duara hadi alama, na dunia nzima itajifunza kupima kwa sarafu yetu!"

Magunia yaliletwa kutoka maghalani. Lakini Mkuu wa Itifaki, mzee mwenye glavu nyeupe, alikumbusha kwamba sura ya Mlezi wa Taifa haiwezi kulazwa chini kama ganda la karanga. Kila sarafu ilipolazwa, ilipasa watu wote wasimame, askari wapige saluti, wimbo wa taifa uimbwe ubeti mmoja, kisha wakae. Bendi ya Polisi, isiyokuwa na tarumbeta, iliimba kwa midomo: pa-pa-pa-paaa. Sarafu ya kwanza ililazwa. Watu wakasimama. Wakakaa. Ikalazwa ya pili.

Mwenye akili angeona mara moja kwamba kwa mwendo ule safari kutoka duara hadi alama ingechukua msimu mzima wa mavuno. Mheshimiwa Kisandu hakuona; alikuwa akisimama na kukaa, machozi ya uzalendo yakimlenga.

"Mwalimu," Tunu alisema. "Jua."

"Naliona."

"Wameanza kuniua huku wakiimba."

Mwalimu Kitwana, ambaye maishani mwake hakuwahi kumkatiza mtu anayeimba wimbo wa taifa, aliusimamia wimbo ule wima, mikono ikiwa imeshikamana na mishono ya suruali. Bwana Otieku alikuwa amekwisha kutoa kalamu ya kufungia.

Ndipo mwanamke mmoja aliposhuka kutoka jukwaani. Uzio wa kumzuia ulikuwa umekwisha kuyeyushwa. Alikuwa Bi. Mwanamkasi, mama yake Tunu, aliyekuja kwa basi tangu alfajiri kumwona mwanawe akirusha, na sasa alikuwa anawaona wanaume wakisimama na kukaa.

"Nyie akina baba," alisema, "mnapima mrusho au mnazika mtu?"

Alijifungua kanga ya juu, akaikung'uta, akaitandaza kwa urefu kuanzia ukingo wa duara. Kisha akageuka kuelekea jukwaani, akapiga kelele kama anayeita watu kwenye moto: "Jamani! Mwenye kanga!"

Wakashuka. Mmoja alitoa ya begani, mwingine ya kichwani, mwingine aliyombebea mjukuu. Waliunga upindo kwa upindo, kila mmoja akisimama kwenye pembe ili isivutwe, wakikaripiana: "Nyoosha, wewe, usituibie urefu!" "Yako imejikunja hapo!" "Haijajikunja, ndivyo ilivyofuliwa!"

"Wakamatwe!" alisema Waziri. Lakini askari walikuwa katikati ya ubeti, mikono iko kwenye saluti, na Mkuu wa Itifaki aliwakodolea macho asithubutu mtu kuishusha. "Akina mama! Hicho si kipimo cha serikali!"

"Ndiyo maana tumekileta," alisema Bi. Mwanamkasi.

Kanga ya mwisho ilivuka alama. Bi. Mwanamkasi alichukua ile yake kutoka mwanzo, nafasi yake ikajazwa na nyingine, akaileta mwisho, akaitandaza mahali pa ile iliyovuka alama. Na pale hasa tufe lilipochimba, akafunga fundo. Bwana Otieku alipita kuanzia duara hadi fundo, ameinama, akikagua kila upindo kama fundi anayekagua tofali. Jua lilikuwa limebaki ukucha.

"Kanga si tarakimu," alisema hatimaye. "Lakini urefu huu umeshikwa mbele yangu. Kwetu kuna tepu. Zikifika kanga hizi hizi, na fundo hili likiwa halijafunguliwa, nitazipima na kuandika. Waliobaki watarusha huko huko kwetu." Akatia sahihi, jua likazama, na nyuma yake bendi ikaendelea: pa-pa-pa-paaa.

*

Usiku huo huo Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba mrusho wa Tunu Makolela ni mali ya taifa na hauruhusiwi kusafirishwa nje ya nchi bila kibali. Amri ilipelekwa mipakani kwa haraka ya kusifiwa, isipokuwa haikueleza mrusho unafananaje.

Basi la akina mama lilipofika mpakani, ofisa aliingia na kuwatazama mmoja mmoja.

"Mna mrusho humu?"

"Mrusho upi tena, mwanangu?" aliuliza Bi. Mwanamkasi.

"Ule wa tufe. Ni kitu kirefu, nadhani."

"Tafuta, baba. Usituonee haya."

Ofisa alifungua vikapu, akachungulia chini ya viti, akakung'uta mikeka, akaonja unga wa mtu. Alimpekua Tunu kwa makini ya pekee, akamkuta na nguo, mswaki na barua ya chuo. Wanawake walikaa na kanga zao viunoni na mabegani, wakimhurumia kwa sauti: "Maskini, kazi za watu hizi." Mwishowe aliandika kwamba basi halikuwa na kitu isipokuwa wanawake, akawagongea mihuri wapite.

Katika uwanja wa nchi jirani, ambako milingoti ya magoli ilisimama tu bila mtu kuona ajabu, kanga zilitandazwa tena upindo kwa upindo, na tepu ya chuma ikavutwa kando yake mpaka kwenye fundo. Bwana Otieku alisoma, akasoma tena, akaandika. Wengine nao wakarusha. Wawili walimzidi Tunu, mmoja wao akiwa yule aliyemwazima tufe, na hakuna aliyelia. Alikuwa wa tatu, kwa haki, na mwalimu mmoja wa chuo aliyekuwa ukingoni alimpa mkono na kumuuliza angependa kuanza lini.

"Hata leo," alisema Tunu.

Mwenye kibanda cha chai aliongeza sauti ya redio ili wasikie habari za nyumbani. Mtangazaji alikuwa akieleza, kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri, kwamba nchi imechukua ushindi wa kwanza, wa pili na wa tatu katika kurusha tufe, kwamba ushindi huo umetokana moja kwa moja na sarafu, na kwamba sarafu nyingine zitafuliwa mara moja, wananchi wakiombwa kuandaa masufuria yao kwa kuyeyushwa.

Wanawake walisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha Bi. Mwanamkasi akainama, akalifungua lile fundo kwa meno, akaikung'uta kanga yake vumbi la nchi mbili, akajifunga.

"Haya, wenzangu, tuwahi basi," alisema. "Kama wanakuja kuchukua masufuria, mimi langu nimelowekea maharage."